Kuanika Dagaa Chini ya Jua Kigeugeu

Mkitaka kazi ya kuanika dagaa, wajukuu zangu, jambo la kwanza ni kujua kulala. Msicheke. Mwanikaji asiyelala vizuri huamka na kisirani, mwenye kisirani hulitazama jua kwa jicho la kulidai, na jua likidaiwa hujificha. Hivyo ndivyo alivyonifundisha Bi Zuhura, mwanamke aliyeniingiza kwenye kazi hii hapa Ujiji, nami nilimwamini na nikalala vizuri miaka mingi, mpaka jua lilipoanza kujificha hata kwetu sisi tuliolala.

Nawaandikia nyie mnaoshuka siku hizi mwaloni, mitumbwi inakoshushia dagaa, mkiwa na kucha za kubandika. Zitawatoka siku ya kwanza, na mnunuzi wa Dar es Salaam atazikuta ndani ya gunia. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta nukta mahali pasipostahili, irukeni kama mnavyoruka dimbwi. Sikuacha shule kwa ujinga. Dirisha la darasa letu lilitazama ziwani, na mwalimu hakuwa na jambo la kunionyesha ubaoni lililozidi lile.

Majina ya watu nayakumbuka yote. Naweza kuwatajia kila mwanamke aliyewahi kuanika upande wetu: Asha Mrefu, Asha Mfupi, Asha wa Katikati aliyekataa kuitwa hivyo, Tabu, Mama Bigirimana, na Sikujua ambaye alijua habari za kila nyumba. Hata bata wa Mama Nyabenda, yule aliyekuwa akitembea juu ya dagaa wa watu huku akitikisa kichwa bila kusaidia chochote, nilimjua kwa jina. Aliitwa Diwani. Lakini hamhitaji majina yote hayo. Habari ninayotaka kuwapa ni ya namna mwalo wetu ulivyokaribia kukosa dagaa wa kuanika, nusura Mzee Baruani ahamishe vipe vyake na kutuacha tukianika kanga. Watu wake ni wachache, nitawajulisha kila mmoja akifika.

Kipe mnakijua: ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na wavu katikati, inaondoka jioni na taa na kurudi alfajiri na dagaa. Dagaa wakishuka, ni wetu wanawake. Tunawaosha, tunawatandaza mchangani, au juu ya kokoto, au siku hizi juu ya chanja za wavu, tunawageuza kwa ufagio laini, na jua likikaa siku nzima, jioni dagaa anavunjika kati kama kijiti na kung'aa kama bati jipya. Huyo ndiye dagaa wa Kigoma mnayemsikia mikoani. Akinyeshewa kabla hajakauka anageuka njano, ananuka, na anakwenda kuliwa na kuku. Kazi yetu yote, ukiivua nguo, ni kushindana na siku moja. Ndiyo maana nasema wanaozungumza habari za miaka wanazungumza lugha nyingine. Dagaa hajui mwaka.

Sasa, mwalo wetu ulikuwa na mwenye neno. Alikuwa mwanamke mkubwa kuliko wote, na zamani zile alikuwa Bi Zuhura. Asubuhi wote mnaketi na mabeseni yenu. Mwenye neno anasimama ukingoni mwa maji, anawapa mgongo. Anaitazama milima ya Kongo ng'ambo. Ikiwa imejifunika utusitusi, kuna jua. Ikiwa imejitokeza safi mpaka unadhani unaweza kumwona mtu akichota maji kule, mvua iko njiani. Kisha anageuka kuitazama milima ya nyuma yetu, ananusa, anakohoa kidogo kwa ajili ya heshima, halafu anatandaza konzi ya kwanza. Mwalo umefunguliwa. Jioni yeye ndiye anayeokota konzi ya kwanza. Mwalo umefungwa.

Kati ya hapo hakuna wa kuinua hata dagaa mmoja. Kuinua kabla yake ni kumwambia mtu mzima kwamba amesema uongo. Tena kulikuwa na sababu ya akili: dagaa wangu na wako wametenganishwa na mstari wa kidole mchangani. Ukionekana unazoa peke yako wakati wenzako hawazoi, unazoa wa nani?

Desturi hiyo ilitufaa kwa sababu siku ilikuwa siku. Asubuhi ikisema jua, ni jua mpaka adhana ya magharibi. Ikisema mvua, mnajifunika mnakwenda kusuka mikeka. Siku ilikuwa na kauli moja, kama wanaume wa zamani, ingawa na wao nikiwakumbuka mmoja mmoja kwa majina naona nimewasifia mno.

Ukigeugeu ulianza lini siwezi kuwaambia, hauna sherehe ya kuzaliwa. Ila siku tuliyoujua naikumbuka. Bi Zuhura alifungua mwalo asubuhi kwa jua zuri sana, halafu akaitwa msibani, mitaa ya juu huko, kuosha maiti. Akaenda. Kabla ya adhuhuri wingu jeusi likachungulia nyuma ya milima yetu, upande ambao mawingu yalizoea kutoka jioni tu. Tukalitazama. Likatutazama. Tukashika mabeseni matupu na kuangaliana, na adabu imetukaba shingo.

"Mwenye neno yuko msibani," alisema Asha Mrefu.

"Basi atumwe mtu akaombe ruhusa," alisema Asha Mfupi.

Akatumwa Mama Nyabenda. Huyu ni Muha wa milimani aliyeolewa hapa mwaloni, mwenye bata, mwenye mbio kuliko sisi wote, na mwenye moyo mwepesi. Alikimbia kweli. Lakini msibani huingii na dagaa mdomoni. Alifika, akavua viatu, akapeana mikono na wafiwa wa barazani, akaingia ndani, akakuta wanalia. Akalia. Baadaye alituapia kwamba alikusudia kulia kidogo tu, ila marehemu alifanana na shangazi yake. Kisha ikabidi asubiri maiti aoshwe amalizwe, kwani hakuna wa kumnong'oneza mtu mwenye kata ya maji ya maiti mkononi. Alipomfikia Bi Zuhura na kuruhusiwa, alirudi mbio huku ameloa mpaka mifupani, akipiga kelele toka mbali:

"Ameruhusu! Ameruhusu! Amesema kusanyeni!"

"Tukusanye nini?" aliuliza Asha Mrefu.

Maana dagaa walikuwa wamekwisha kurudi ziwani. Mvua iliwasomba kwa mifereji, wengine wakipita katikati ya vidole vya miguu yetu, na sisi tumesimama wima kwa heshima zote. Diwani peke yake ndiye aliyekula akashiba.

Bi Zuhura aliporudi alitazama ule mchanga ulioachwa mtupu, akasema, "Mvua hii haikutoa taarifa," akaenda zake nyumbani. Hakuongeza neno mpaka anaondoka duniani, Mungu amrehemu. Neno likaja kwangu, kwa sababu nilikuwa mkubwa kwa wote waliobaki.

Nilipokea neno wakati mbaya. Mtu hupewa usukani gari likiwa limekwisha acha barabara. Nikifungua mwalo, jua linakaa mpaka chai ya saa nne, linaingia wingu, linaondoka, unakuja upepo wa kutoka Kongo na kumwaga mchanga juu ya dagaa, unakufa ghafla, kinanyesha kimvua cha kuosha uso, jua linarudi kali kama halijafanya kitu. Yote hayo kabla wali haujaiva. Watu wakaanza kunitazama. Lakini mimi nilikuwa nikisema jua, na jua lilikuwa likitoka. Kama halikukaa, mlaumiwa si mimi.

Nadharia zikawa nyingi kuliko dagaa. Kuna waliosema ni dhambi, ila kila mtu alitaja dhambi za mtaa wa jirani. Kuna waliosema ni minara ya simu. Wazee wa barazani walisema zamani mvua ilikuwa na nidhamu, na hao hao zamani niliwasikia kwa masikio yangu wakiitukana. Vijana wakafungua simu. "Bibi, simu inasema leo kutakuwa na mvua katika baadhi ya maeneo." Nikauliza, "Baadhi ndiyo wapi? Ndiyo sisi?" Wakaitazama tena. "Haijataja, Bibi." Basi tukaanika. Siku hiyo tulikuwa baadhi.

Ndipo akaja Deo. Huyu alikuwa kijana mtaalamu wa mambo ya ziwa na hewa, mpole, aliyesimika mlingoti wenye vikombe vinavyozunguka karibu na banda letu, na kunguru wakaushukuru sana kwa kupata pa kukaa. Akatuita kwenye semina. Semina mnazijua: soda, biskuti, kalamu isiyoandika, na picha ukutani ya mistari inayopanda na kushuka. Lakini Deo alikuwa na adabu, alianza kwa kusalimia.

"Mwakeye, baba," akamjibu Mama Nyabenda kwa Kiha chake, salamu ya asubuhi ingawa ilikuwa mchana. "Tuambie, mvua imezidi au imepungua?"

"Mama, hilo ndilo swali ambalo kila mtu ananiuliza, na silo," alisema Deo. "Ukijumlisha mvua ya mwaka mzima, unaweza kukuta haijaachana sana na ya zamani. Joto la wastani halieleweki kwa mtu aliye mchangani. Kinachowaumiza nyie ni kutulia. Zamani hali ya asubuhi ilikaa. Sasa inapanda na kushuka ndani ya siku moja, tena mbio. Wastani unaweza kubaki pale pale, lakini mtikisiko ukaongezeka."

Mama Nyabenda akatafuna biskuti yake mpaka mwisho.

"Ngoja nielewe," alisema. "Ni kama mwanamume ambaye ukijumlisha mwezi mzima ameleta chakula nyumbani kama wanaume wengine. Ila hujui kama ataleta leo asubuhi, au kesho kutwa jioni, au vyote kwa mpigo wakati umekwisha lala na njaa."

"Hivyo hasa, Mama."

"Basi mbona tunahangaika na semina? Huyo ni mume wangu."

Deo alicheka mpaka akakaa. Alipopata pumzi tena akatuambia kwamba simu inasemea mkoa mzima, mlingoti wake unapima kilichokwisha pita, na kwamba yeye kwa uaminifu hana uwezo wa kutuambia wingu lipi litamwaga na lipi litapita. Dawa, alisema, ni wepesi. Mjipange muwe wepesi.

Tukaunda kamati.

Wajukuu zangu, sisi watu wa nchi hii tukiambiwa nyumba inaungua, tutachagua kwanza mwenyekiti wa maji. Kamati ya Anga ya Mwalo ilikuwa na mwenyekiti, ambaye ni mimi, na makamu, na katibu, na mweka hazina ingawa hazina haikuwepo, na mjumbe wa mawingu ya Kongo, ambaye ni Asha Mrefu, na mjumbe wa mawingu ya milimani, ambaye ni Mama Nyabenda. Mwalo ungefungwa kwa kura ya kamati. Nilikubali upesi, kwa sababu neno likiwa langu peke yangu lawama ni zangu, na likiwa la kamati hakuna mtu anayeitwa Kamati.

Hapa ndipo anapoingia Mwamini. Alikuwa mdogo wetu kuliko wote, mzaliwa wa Kagunga kule mpakani, amekuja na mtoto mgongoni na beseni moja. Haongei. Lakini alikuwa na jicho. Watu wa Kagunga mlima wao umeingia majini kabisa, wingu linawatokea kichwani bila hodi, kwa hiyo wanajifunza kuangalia maji badala ya mbingu. Siku moja, hata kamati haijakaa, Mwamini aliinuka akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, inakuja. Tukusanye." Wengine wakainuka, wakazoa mbio mbio. Mvua ikaja mpaka katikati ya ziwa, tukaiona ikitembea juu ya maji kama pazia, ikageuka ikaenda Kongo. Jua likawaka.

Tulimcheka. Tulimcheka mpaka tukashika mbavu. Asha Mfupi akambatiza Redio. Kila alipopita: "Redio, leo mnatangaza nini?" "Redio, hebu ongeza sauti!" Yeye anatabasamu tu na kuinama. Mwalo una ulimi, hilo mtalijua.

Sasa siku ya kamati. Dagaa wa Mzee Baruani walikuwa wametandazwa toka banda mpaka majini. Mzee Baruani ndiye mwenye vipe vingi upande wetu. Dagaa ni wake, sisi tunamwanikia na kila beseni tuna fungu letu. Mwalo mzima unakula kwa mkono wake. Upepo ukakata ghafla. Kamati ikaketi. Tukafungua kwa dua, na kwa kuwa Mama Nyabenda ni Mkristo, tukafungua tena kwa sala. Mwenyekiti nikaomba taarifa za mawingu.

"Upande wa Kongo ni shwari," alisema Asha Mrefu.

"Upande wa milimani kuna kitu cheusi," alisema Mama Nyabenda, "lakini macho yangu ya mbali si mazuri. Asha, hebu nitazamie."

"Mimi ni wa Kongo. Sitaki kuingilia upande wa mtu halafu niambiwe najipendekeza."

"Nakuruhusu."

"Useme mbele ya katibu."

Katibu alikuwa hajui kuandika, lakini alisikiliza kwa makini sana. Tukapiga kura. Mikono ikagawanyika sawa sawa, tukaanza kuhesabu upya, na tone la kwanza lilimwangukia mweka hazina kwenye paji la uso akiwa ameinua mkono kupinga.

Jioni Mzee Baruani alifika. Hakupiga kelele, na mzee asiyepiga kelele ndiye wa kuogopwa. Aligeuza yale matope ya njano kwa fimbo yake.

"Hakuna hata mmoja aliyeiona?" aliuliza.

Nyuma kabisa, sauti ndogo: "Mimi niliiona, Mzee."

Tukageuka. Mwamini amekaza macho chini.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliwahi kusema ya uongo, wakanicheka."

Mzee Baruani alinitazama mimi, mwenyekiti. "Nitawaletea mzigo mmoja tena. Dagaa wangu wakinyeshewa, vipe vinahamia Ilagala. Huko nako kuna wanawake, na kuna mchanga." Akaondoka. Ilagala ni mbali, kwenye mdomo wa mto Malagarasi. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angemfuata. Mama Nyabenda alilia, na safari hii hakukuwa na marehemu wa kufanana na mtu.

Tukavunja kamati pale pale, bila kura. Tukakaa mchangani tukasemezana, na maneno yalikuwa magumu. Neno la mtu mmoja limekuwa zito, siku haimsubiri. La kamati ni zito zaidi. Kila mtu na lake haiwezekani, maana mikono miwili haizoi shamba la dagaa kabla ya mvua, na tutarudi kuitana wezi. Mwisho Mama Nyabenda akasema, "Kufungua kunataka mtu mzima. Kufunga kunataka macho tu. Afungue Bibi. Afunge yeyote."

"Yeyote?" nikauliza. Nililiona neno la Bi Zuhura likinitoka mkononi.

"Yeyote atakayeita, wote tunazoa, bila kuuliza. Na mvua isipokuja..." Akasita. "Hakuna kumcheka."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kuacha desturi ya bibi zetu wenzangu walikubali upesi. Kuacha kucheka, tulibishana mpaka jua likazama. Asha Mfupi aliuliza kama kutabasamu kunahesabiwa. Tukasema kunahesabiwa. Akauliza kama anaweza kwenda kucheka nyumbani. Tukasema nyumbani aende akacheke.

Niwape na ufundi hapa kabla sijasahau, kwa sababu sheria bila mikono ni kelele. Tandazeni wembamba, dagaa asilale juu ya mwenzake. Acheni vijia vya kupita watu wawili. Mkiitwa, anzeni kuzoa waliokaribia kukauka. Wabichi mvua haiwaumizi sana, maji wameyazoea toka kuzaliwa. Msiwafunike kwa nailoni wakiwa nusu, watatoa jasho na kuiva kama wamechemshwa. Na upepo ukikata ghafla mchana, maji yakalala yakang'aa kama yamepakwa mafuta, achaneni na mbingu. Yatazameni maji.

Mzigo wa Mzee Baruani ulishuka alfajiri ya Ijumaa. Nikafungua mwalo. Nilisimama ukingoni muda mrefu kuliko kawaida, na sioni haya kusema kwamba Kongo haikuniambia chochote. Ilikuwa imejifunika nusu na kujifunua nusu.

Saa ya chai Mwamini aliita. Tukazoa. Haikuja. Tukatandaza upya, hakuna aliyecheka, ingawa Asha Mfupi alikuwa ametafuna pindo la kanga yake mpaka limelowa. Baadaye Sikujua akaita. Tukazoa. Haikuja. Migongo inauma, mikono imejaa chumvi ya jasho na magamba. Tukatandaza. Dagaa wakaanza kushika rangi ya bati, hatua ile mbaya kuliko zote, ambayo tone moja linaharibu kazi ya kutwa.

Ndipo Mzee Baruani akatokea akitoka msikitini. Kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya kazi ya mkono, ananukia udi mpaka kunguru wa Deo wakahama. Akasimama katikati ya vijia vyetu, akatazama juu.

"Leo Mungu kawapa siku," alisema.

Mbingu ilikuwa safi. Nami nilitazama, sikuona kitu. Lakini upepo ulikuwa umekata, na nilimwona Mwamini amekazia macho maji. Akamtazama Mzee Baruani. Akayatazama maji tena. Mtoto mgongoni akalia, hakumbembeleza. Akiita mbele ya huyu mzee na isije, Redio litakuwa jina lake mpaka kaburini, na pengine vipe vitaondoka kwa sababu mwenye vipe ametuona tukikimbia kivuli. Asipoita na ikaja, vitaondoka vile vile. Midomo yake ilifunguka ikafungika. Nilitaka kumwambia neno, ila neno halikuwa langu tena.

"Funga!" alipiga kelele. Sikudhani kifua kile kina sauti ile. "Fungeni mwalo!"

Tuliinama wote kwa mpigo. Mabeseni yakalia. Mzee Baruani akazunguka pale pale kama aliyepotea sokoni. "Mvua iko wapi? Nauliza, mvua iko wapi?"

"Baba, usiulize, shika upande huu!" Mama Nyabenda akamtia mkononi ncha ya wavu wenye dagaa. Na kwa kuwa dagaa ni wake, alishika. Akakunja kanzu, akaibana kwa meno, akakimbia nasi kuelekea bandani, kofia ikaanguka, akarudi, akazoa beseni, akajitwika, magamba ya dagaa yakamshuka shingoni.

Tulipokwisha kuingia wote bandani, yakaanguka matone machache, kama ya mtu anayekung'uta mikono baada ya kunawa. Halafu basi. Jua likawaka juu ya mchanga mtupu.

Kimya kilichokuwa bandani, wajukuu zangu, sijakisikia hata msibani. Mzee Baruani amesimama na beseni kichwani, kanzu ina magamba toka kifuani mpaka magotini, dagaa mmoja amenasa kwenye ndevu. Asha Mfupi aligeukia ukuta. Mama Nyabenda machozi yanamtoka kwa kubana pumzi. Hakuna aliyecheka. Kazi nimefanya nyingi ngumu. Ile iliniumiza mbavu.

Mzee alitua beseni. "Binti," alimwita Mwamini. "Mvua iko wapi?"

"Imepita, Mzee."

"Na ukiona tena kama ulivyoona sasa hivi?"

"Nitaita tena."

"Hata nikiwa nimetoka kuswali?"

"Hata ukiwa umetoka Makka, Mzee."

Akamtazama. Akatutazama sisi tuliobana midomo. Kisha akachukua dagaa mmoja beseni la juu, akamvunja kati. Dagaa akalia kama kijiti kikikatika. Akamvunja wa pili, wa beseni la chini. Huyo alipinda tu, alibakiza jua kidogo.

"Mama," aliniambia, "fungua mwalo, jua linapotea. Na vijana wangu wakija alfajiri, wapokeeni."

Akaivua ile kanzu, akaitundika kwenye nguzo ya banda, akatoka na fulana yake na beseni kuanza kutandaza nasi. Alikuwa akimwaga mafungu mafungu, kama mtu anayelisha kuku. Nikamshika mkono, nikamwonyesha.